Kiini Kilichobaki Mashineni

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazazi, walimu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Yanachapishwa kama yalivyosomwa.



Mazungumzo ya leo yanamhusu mwanafunzi mmoja wa kike wa Kidato cha Pili katika mojawapo ya shule za kata za wilaya hii. Jina lake halitatajwa wala la kijiji chake, kwa sababu wazazi wake wameridhia habari isimuliwe. Hawakuridhia nyumba yao ioneshwe kwa kidole. Kila anayesikiliza ana ruhusa ya kudhani kwamba ni binti wa jirani yake.

Binti huyo alikutana na chembehai kwa mara ya kwanza akiwa Kidato cha Kwanza. Maabara ya shule ilikuwa na hadubini moja iliyo nzima, na wanafunzi walipanga foleni kama watu wanaosubiri maji kisimani. Mwalimu alikuwa amebandua utando mwembamba wa ndani ya kitunguu, akautandaza juu ya kipande cha kioo na kuudondoshea tone la iodini. Zamu ya binti ilipofika, alifumba jicho moja, akaona vyumba virefu vilivyopangwa kama matofali ya ukuta, na ndani ya kila chumba nukta moja iliyokolea rangi. Alipewa muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha akasukumwa na aliyekuwa nyuma yake.

Mwalimu alieleza kwamba mtu wa kwanza kuviita hivyo vyumba alikuwa Mwingereza Robert Hooke, mwaka 1665, alipotazama kipande cha gome ambalo hutengenezewa vizibo vya chupa. Vyumba alivyoviona Hooke vilikuwa vitupu, maana gome lilikwisha kufa. Vya kitunguu vilikuwa na kitu ndani. Ile nukta ndiyo kiini, na humo mna maelekezo ya ujenzi na kazi zote za chembehai. Kuzunguka kiini kuna ute, na ndani ya ute mna mitokondria zinazokifanya chakula kiwe nguvu, na ribosomu zinazounga protini kipande kwa kipande. Binti alichora, akaandika majina kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka, akapata alama 17 kati ya 20. Somo likafungwa.

Mwaka uliofuata ikaja mada ya lishe. Wanga, protini, mafuta, vitamini, madini, maji. Kazi ya kila kimoja na ugonjwa unaotokana na upungufu wake. Unyafuzi, matege, upungufu wa damu, rovu. (Kuhusu rovu, wazee wa Nyanda za Juu Kusini hawahitaji kufundishwa na mtu, waliliona shingoni mwa jirani zao kabla chumvi haijaanza kutiwa madini joto.) Binti alikariri orodha hiyo kama alivyokariri ile ya kwanza. Kati ya mada hizo mbili ulipita mwaka mzima, na katika mwaka huo hakutokea mtu wala kitabu kumwambia kwamba ni mada moja.

Aliyeziunganisha, pasipo kujua, ni mama yake. Jioni moja walikuwa wakipukuchua mahindi, mama akauliza kama wazazi wengi wanavyouliza:

"Leo mmesoma nini, mwanangu?"

Binti akajibu kwa Kiingereza cha daftari, sentensi tatu zilizonyooka. Mama akacheka.

"Hiyo umemwambia mwalimu. Mimi je, utaniambia lini?"

Binti akanyamaza. Aligundua kwamba alikuwa na maneno ya kutosha kumridhisha msahihishaji, lakini hakuwa na hata moja la kumpa mwanamke aliyeketi naye juu ya mkeka mmoja. Siku zilizofuata alianza kuyatafuta. Katika kamusi iliyowekwa ofisi ya walimu alikuta kwamba kile kinachoitwa seli kina jina jingine, chembehai, na jina hilo likamkaa moyoni. Wazungu walikiita chumba kwa sababu walianza na kilichokufa. Waswahili wamekiita chembe iliyo hai. Alimwambia mama kwamba mwili wa mtu ni kama ghala lililojaa chembe, ila chembe hizi zinakula, zinapumua, zinazaana na kufa, na kwamba kila mtu aliyeko duniani alianza akiwa chembe moja tu, yenye upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Mama aliacha kupukuchua. Alitazama punje zilizokuwa kiganjani mwake, akauliza hiyo chembe moja ilikuwa ikila nini.

Swali hilo halikuwamo katika daftari.

Jumamosi iliyofuata binti alipeleka debe la mahindi mashineni. Kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi, mahindi yalikobolewa kwanza, kisha yakasagwa kuwa sembe nyeupe, laini. Pumba zilimwagikia upande wa pili na kubaki kwa mwenye mashine, ambaye huwauzia wafugaji wa kuku na nguruwe. Akiwa anasubiri, binti alichota pumba mkononi na kuona humo vipande vidogo vya rangi ya manjano hafifu. Alivijua. Kila mtoto wa mkulima anavijua: ni viini vya mahindi.

Neno ni lile lile. Alilolisikia maabara, alilolijua kwenye yai, na hili la kwenye punje. Mwalimu angesema, na baadaye alisema kweli, kwamba kiini cha chembehai na kiini cha punje ya mhindi si kitu kimoja: cha kwanza hakionekani kwa macho matupu, cha pili ni mche mzima uliolala, wenye chembehai nyingi mno. Lakini binti hakukosea sana alipoona undugu wao. Nyumbani aliloweka punje usiku kucha, akaipasua katikati kwa wembe. Sehemu kubwa ilikuwa nyeupe, ngumu, na ubavuni, karibu na ncha, kiini kimejificha. Hicho ndicho kitakachoota. Weupe wote uliobaki ni akiba ya chakula chake tu. Alikikandamiza kiini kwenye karatasi ya daftari, na karatasi ikaacha alama ya mafuta inayopitisha mwanga. Alisugua sembe pembeni yake. Alipoikung'uta, karatasi ilikuwa kavu.

Mwalimu aliruhusu karatasi ile ioneshwe darasani, na kipindi hicho kilikwenda nje ya ratiba. Sehemu kubwa ya mafuta ya punje ya mhindi imo katika kiini, pamoja na protini iliyo bora kuliko ya sehemu nyeupe, na madini. Vitamini nyingi za kundi B zimo katika kiini na maganda. Anayekoboa hubakiwa zaidi na wanga. Familia inavuna punje nzima, inailipia ushuru wa kukobolewa, inaacha mashineni kile ambacho mche ungekitumia kuanzia maisha, kisha inanunua mafuta ya kupikia dukani. Mwanafunzi mmoja alisema kuku wa mwenye mashine wanakula vizuri kuliko darasa zima. Wakacheka, na mwalimu naye akacheka, lakini hakumkanusha.

Hata hivyo mwalimu alikuwa mtu mwangalifu, na uangalifu wake unastahili kurudiwa hapa, kwa kuwa habari za lishe huharibika zikishafanywa kampeni. Dona ina mafuta, kwa hiyo huchacha mapema; haifai kusagwa ya miezi miwili. Tena mahindi yaliyovunwa mabichi au kuhifadhiwa penye unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, na sumu hiyo hukaa zaidi katika kiini na maganda. Mwaka 2016 watu 68 waliugua na 20 walifariki katika mikoa ya kati ya nchi kwa sumukuvu ya mahindi. Asiyekausha na kuchambua mahindi yake asijidanganye kwamba dona itamwokoa. Kisha kuna jambo la tatu: sehemu zile zile zenye madini zina pia kitu kinachoyashika madini yasifyonzwe vizuri tumboni. Kuloweka, kuotesha na kuchachusha hupunguza kizuizi hicho. Binti aliandika maneno hayo matatu ubavuni mwa ukurasa, kisha akakumbuka mahali alikoyaona yakifanywa.

Alikoyaona ni kwa bibi yake. Bibi huloweka ulezi, huuotesha chini ya majani, huuanika na kuusaga kuwa kimea cha togwa. Alipoulizwa, alisema kwamba zamani kimea kilitiwa pia katika uji wa mtoto anayeanza kula: uji mzito, kijiko kimoja cha kimea, na baada ya muda mfupi uji unalegea bila kuongezwa maji. Binti alijua sababu, na alikuwa ameijibu katika jaribio. Punje inapoota hutoa kimeng'enya kinachokata wanga vipande vidogo, cha aina moja na kile kilicho katika mate. Tumbo la mtoto wa miezi 7 ni dogo. Ukimpa uji mwepesi wa maji anashiba maji, ukimpa mzito hawezi kuumeza. Uji uliolegezwa kwa kimea una unga mwingi na bado unamezeka. Bibi alisikiliza maelezo hayo yote kwa adabu, kisha akasema, "Kumbe na ninyi mmefika huko."

Bibi aliongeza habari ambayo vijana wengi wa wilaya hii hawaijui. Mwaka 1983, katika Mkoa wa Iringa wa wakati huo, ambao Njombe ilikuwa bado sehemu yake, ulianza mpango wa lishe uliosimamiwa na Serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Mizani ilining'inizwa hadharani na watoto wakapimwa mbele ya kijiji kizima, ili kijiji chenyewe kijiulize kwa nini huyu amepungua na kifanye nini. Siku kama ya leo ina mizizi yake huko. Jambo linalosikitisha ni kwamba mizani ilibaki na kimea kikasahaulika.

Ndugu wananchi, mpaka hapa habari ni ya furaha: mtoto anasoma, bibi anajua, mwalimu anafundisha. Lakini binti huyu ana mdogo wake wa kiume mwenye umri wa miaka 3.

Mtoto huyo si mgonjwa. Anacheza, anakula ugali wake, anashiba. Siku moja ya kliniki, mama akiwa na kazi shambani, binti ndiye aliyempeleka zahanati. Muuguzi alimsimamisha kwenye ubao wa kupimia, akaandika urefu, akaulinganisha na umri, na nukta ikaangukia mahali ambapo hata asiyesoma anaelewa. Muuguzi alisema kwa upole kwamba mtoto amedumaa. Binti alirudi na kadi mkononi na sentensi ambayo hakujua ataisemaje.

Nyumbani jibu lilikuwa lile linalosikika katika kila kitongoji: "Sisi ukoo wetu ni wafupi." Jibu hili halina budi kushughulikiwa kwa heshima, maana si ujinga, watu hufanana na wazazi wao kweli. Lakini Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wapatao 8,500 katika nchi 6 zisizofanana hata kidogo, yaani Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likachagua waliolelewa katika hali nzuri na kunyonyeshwa ipasavyo. Viwango vilivyotolewa mwaka 2006 kutokana na kazi hiyo vilionesha kwamba mpaka umri wa miaka 5 watoto wa nchi hizo walikua karibu sawasawa. Ukoo husema baadaye. Mwanzoni husema chakula, usafi na afya ya mama.

Na chakula kipo. Hilo ndilo linalowatatiza wageni wanapofika katika mikoa hii. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Iringa ilikuwa karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu asilimia 50 kila mmoja. Hii ndiyo mikoa inayolisha miji. Nyumba ya binti huyu inalima mahindi, maharage na viazi mviringo, ina miparachichi minne na kuku wasiopungua kumi. Binti alichukua daftari la Baiolojia, akaligeuza nyuma, akaandika kwa juma zima kile kilichotoka nyumbani kwenda sokoni na kile kilichoingia chunguni. Mayai yalitoka yote. Parachichi zilitoka zote, isipokuwa zilizopasuka. Maharage mazuri yalitoka, yakabaki yaliyoliwa na wadudu. Chunguni viliingia sembe, viazi na mboga za majani, na siku mbili kati ya saba maharage.

Hapo ndipo mada zake mbili zilipokutana. Ribosomu haitunukiwi protini. Huiunga kwa vipande, na vipande hivyo hutoka katika chakula. Kuna vipande ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Mahindi yana upungufu wa kimoja kiitwacho laisini. Maharage yanacho kwa wingi. Kipande kimoja kikikosekana, ujenzi husimama hata kama vingine vimejaa, kama fundi aliyeletewa matofali elfu bila saruji. Kande, chakula ambacho wanafunzi wengi hukionea haya, hukutanisha viwili hivyo katika chungu kimoja. Mifupa ya mtoto hurefuka kwenye ncha zake, mahali ambapo chembehai za gegedu hugawanyika. Vifaa visipofika, au vikifika na kupotea kwa kuhara kusikokwisha kwa sababu ya maji machafu na choo kibovu, chembehai hizo hupunguza mwendo. Hazilalamiki wala haziumi. Mtoto anashiba na ujenzi umesimama.

Binti alimweleza mama yake yote hayo usiku mmoja, kwa Kiswahili, bila kukosa neno. Alikuwa na fahari ya mtu aliyelipa deni la swali. Alieleza siku 1,000: takriban 270 za mimba, 365 za mwaka wa kwanza, 365 za mwaka wa pili, akaeleza kwamba baada ya hapo kimo kilichopotea ni vigumu sana kukirudisha. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Kwa hiyo ni mimi niliyemharibu mdogo wako?"

Binti hakuwa na jibu. Kwa siku kadhaa alijuta kwamba alisema, na katika mambo yote aliyoyatafakari mwaka ule hilo ndilo lililomchukua muda mrefu zaidi. Katika mtihani, kusema ukweli huongeza alama. Jikoni, ukweli ule ule ulimkalisha mama yake gizani na kumnyamazisha. Mhudumu wa afya wa kitongoji, mwanamke aliyezoea nyumba za watu, ndiye aliyekuja kuuweka ukweli huo mahali pake. Alimwambia mama kwamba hakuna aliyemwambia mapema, na asiyeambiwa hashtakiwi. Kwamba mtoto wa miaka 3 bado anajenga damu, kinga na akili yake kila siku, na kila yai analokula leo lina kazi ya kufanya. Halafu akamtazama, akamuuliza kama hedhi yake inakwenda sawa. Haikuwa inakwenda. Mama alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na alikuwa hajamwambia mtu.

Kuanzia hapo somo halikuwa tena la daftari. Mfereji wa neva za mtoto, ambao ndio mwanzo wa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo mama wengi hawajui kama wamebeba. Foliki asidi inayohitajika kwa kazi hiyo inapaswa iwepo mwilini kabla. Kwa mama huyu siku hizo zilikwisha kupita. Binti alitambua, kwa mshangao wa msichana wa miaka 15, kwamba jambo hilo linamhusu yeye mwenyewe zaidi kuliko mama: majani ya kijani, maharage na unga ulioongezwa virutubishi ni akiba ya mwanamke miaka mingi kabla hajawa mzazi.

Lakini mengi yalikuwa bado. Damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na chembehai nyekundu, ambazo huishi siku kama 120 tu, zinahitaji madini chuma kila siku ili zitengenezwe upya. Mama alikwenda zahanati, akapimwa bila malipo kama ilivyo haki ya kila mjamzito, akapewa vidonge vya FEFO. Baada ya siku nne akaviacha. Vilimtia kichefuchefu, na choo kilikuwa cheusi kikamtisha. Wengi huviachia hapo, bila kumwambia mtu. Muuguzi alieleza kwamba weusi huo hauna madhara, kwamba kidonge kikimezwa usiku baada ya kula kichefuchefu hupungua, na chungwa au pera likiliwa pamoja nacho chuma hufyonzwa vizuri. Binti akaongeza la kwake, alilolithibitisha kwa mwalimu: chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hulizuia chuma, kwa hiyo isubiri walau saa moja. Katika nyumba ya eneo linalolima chai, shauri hilo lilipokelewa kwa manung'uniko kuliko yote.

Baba alibaki. Baba si mtu mkali, ila ana heshima zake. Binti aliposema kwamba mahindi yasikobolewe tena na mayai yasiuzwe yote, alijibu kwa utulivu: "Tumelima kwa jembe la mkono, Mungu akatupa. Leo tule pumba kama nguruwe?" Sembe nyeupe kwake ni ushahidi kwamba nyumba haina njaa. Tena fedha ya mayai ndiyo inayonunua sabuni, madaftari na sare. Hoja hiyo ya pili ni nzito, na anayeitoa asichukuliwe kuwa mzazi mbaya. Binti hakubishana. Alionesha hesabu tu: kutokoboa kunaokoa ushuru wa kukoboa, na debe la dona huchukua siku nyingi zaidi kuliko debe lililokobolewa, kwa kuwa hakuna kinachobaki mashineni. Baba alisema hesabu ni nzuri, akatoka.

Hapana budi kusemwa pia, kwa kuwa gazeti hili ni la huduma za wilaya, kwamba kila halmashauri nchini imeagizwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kwa ajili ya lishe. Fedha hizo hufanya kazi kama za ubao wa kupimia, mafunzo ya wahudumu, matone ya vitamini A ya mwezi Juni na Desemba. Lakini shilingi 1,000 hainunui hata trei moja la mayai. Hakuna bajeti ya Serikali itakayoingia chunguni mwa mtu, na anayeahidi hivyo jukwaani anadanganya.

Msimu ulisonga. Nyumba hiyo ina mashamba mawili ya mahindi, la juu na la bondeni. Mwaka ule baba alikuwa na fedha ya mbolea ya kukuzia ya shamba moja tu. La bondeni lilisubiri mpaka mahindi yalipotoa mbelewele ndipo akapata. Aliiweka hivyo hivyo. Majani yalirudi kuwa ya kijani, yakapendeza kwa mbali, na mabua yakabeba magunzi ya kiganja. Jioni moja alirudi kutoka bondeni, akaketi, akamwambia mkewe:

"Shamba limekunywa mbolea yote, na halikuzaa. Nilichelewa."

Akanyamaza kitambo. Binti alikuwa akiosha vyombo, akasikia baba yake akiuliza kwa sauti ya chini huyu wa tumboni ana miezi mingapi sasa. Mama akajibu, mitano.

Tangu juma lile mayai matatu kwa siku hayaendi sokoni: moja la mama, moja la mtoto, na la tatu huliwa kwa zamu. Parachichi hubaki kikapu kimoja. Bibi ameombwa aoteshe ulezi, ingawa mtoto atakayekula uji huo hajazaliwa bado na hatakula chochote isipokuwa maziwa ya mama kwa miezi 6. Mdogo wa kiume atapimwa tena robo ijayo, na binti anajua asitarajie makubwa kwenye ubao. Katika mtihani wa mwisho wa mwaka liliulizwa swali la kazi za kiini cha chembehai. Alijibu kama kitabu kinavyotaka, kwa Kiingereza, mistari miwili, akapita kwenye swali lililofuata.

Jumamosi moja baba mwenyewe alibeba debe kwenda mashineni, jambo ambalo wanaume wa kijiji hicho hawalifanyi mara nyingi. Aliposema mahindi yasikobolewe, mwenye mashine alimtazama, akauliza kama chakula cha kuku kimekwisha nyumbani. Baba akasema kuku watajitafutia uani. Hii ni ya watoto, na isagwe mara mbili iwe laini, maana mama yao hajaizoea.